Mwanangu na Maziwa: Kwetu "Onja Kidogo Tu" Haipo

Wadau, sisi wa Mlali, huku Mvomero, maziwa hatuhangaiki nayo. Wafugaji wapo, na ukienda na mtoto kwa watu lazima apewe kikombe. Ni upendo. Ila kwa mwanangu wa miaka 3 ni hatari, maana ana mzio wa maziwa.

Mzio siyo tumbo kujaa gesi. Mwili wake unaona protini ya maziwa kama adui: vipele, midomo kuvimba, kutapika, na mbaya zaidi kifua kubana. Ndo maana kuchemsha hakutoshi, mtindi haufai, na ile "mpe ya mbuzi" nayo hapana, protini zake zinafanana mno.

Jikoni kwangu ni rahisi: chai ya rangi, wali wa nazi, uji bila maziwa. Shughuli ipo nje. Biskuti nasoma pakiti hadi muuza duka anacheka. Majirani wote nimewaambia: asipewe kitu bila kuniuliza. Akivimba au akihema kwa shida, bodaboda hadi hospitali, hatusubiri.

Mama mkwe aligoma kabisa. "Mtoto gani hanywi maziwa?"

Nikamjibu, "Mjukuu wako, mama. Na tunamtaka mzima."

Akanyamaza. Siku hizi yeye ndo mlinzi mkali kuliko mimi. Kwenye sherehe anamnyang'anya mtu keki mkononi.

Vipi kwenu, ukisema mtoto hali kitu fulani, wanakuelewa au wanasema unaringa?