Akiba Hii Huoza

Wahenga walituachia msemo kwamba akiba haiozi, nasi akina mama tumeushika vizuri. Ndiyo maana nyumba nyingi za Kariakoo zina kibubu kilichofichwa mahali, na mama mwenye fremu au genge hakosi mchezo wake na kijumbe wake. Lakini iko akiba moja inayoingia katika nyumba za wafanyabiashara bila kupiga hodi, nayo huoza kabisa. Akiba hiyo ni pointi za ndege.

Huenda utasema, "Pointi za ndege zinanihusu nini mimi, nami safari zangu ni daladala mpaka Mbagala?" Subiri kidogo, mama. Kama mume wako, kaka yako au wewe mwenyewe hufuata mzigo Guangzhou, Dubai au Istanbul, basi akiba hiyo huenda imo nyumbani mwako sasa hivi, imelala, na siku zake zinahesabiwa.

Mume wangu anauza nguo za watoto kwa jumla. Tangu mwaka 2016 alikuwa akienda China mara mbili kila mwaka, na mimi ndiye niliyebaki dukani. Nilifungua asubuhi, nikahesabu mabalo, nikapatana bei na wateja wa Tunduma, wa Zambia na wa Kongo, na jioni nikaandika daftari. Mwaka 2018 alijiunga na mpango wa wasafiri wa shirika moja la ndege, akapewa namba ya uanachama. Namba ile niliifungulia ukurasa wake katika daftari la duka, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Pointi hupatikanaje?

Mambo haya yalianza kushika kasi Marekani mwaka 1981, wakati mashirika kama American Airlines na United yalipoanza kuwahesabia wateja wao maili walizosafiri. Siku hizi karibu kila shirika kubwa linalotua Dar es Salaam lina mpango wake. Ethiopian wanauita ShebaMiles, na Emirates wanauita Skywards. Kujiunga ni bure. Unapokata tiketi unataja namba yako, nayo maili zinaingia.

Lakini haziingii zote. Kutoka Dar es Salaam kupitia Addis Ababa mpaka Guangzhou na kurudi ni takriban maili 12,000. Mtu akisikia hivyo hudhani amepata pointi 12,000. La hasha! Tiketi za bei nafuu, ambazo ndizo tunazonunua, mara nyingi hupewa nusu ya maili au hata robo. Mume wangu alikuwa akiandikiwa 6,000 kwa safari nzima. Tena safari zake zote za kabla ya kujiunga hazikuhesabiwa hata moja.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba mashirika yana miungano. Ethiopian, Turkish na EgyptAir wamo katika muungano wa Star Alliance. Anayekwenda Istanbul kwa Turkish mwezi huu na Guangzhou kwa Ethiopian mwezi ujao anaweza kuziweka maili zote katika kibubu kimoja, mradi aina ya tiketi yake inaruhusu. Mwenye vibubu vitatu vyenye pointi 8,000 kila kimoja huenda asipate safari hata moja. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, lakini kibaba kiwe kimoja.

Siku za mwisho zikafika

Machi 2020 China ilifunga mipaka kwa wageni kwa sababu ya korona, ikaja kuifungua tarehe 8 Januari 2023. Kwa miaka karibu mitatu watu wa Kariakoo waliagiza mzigo kwa simu, wakiamini picha na maneno ya mawakala. Pointi zetu 24,000 za mwaka 2018 na 2019 zilikaa tu. Kwa bahati mashirika mengi yaliongeza muda wa pointi katika kipindi kile. Mipaka ilipofunguliwa mume wangu alikwenda mara mbili, zikafika 36,000.

Novemba 2023 ukaja ujumbe kwenye simu. Zile 24,000 za zamani zingefutwa tarehe 31 Desemba.

Sasa ndipo mambo yalipokuwa mambo. Mume wangu alikuwa na wazo lake. Kwa pointi 30,000 angeweza kuhamishiwa daraja la juu katika safari ya kwenda Guangzhou, akalala kitandani humo humo angani.

"Mama watoto," aliniambia, "miaka yote nakaa kule nyuma, magoti yamekwama kwenye kiti cha mbele. Mara hii na mimi nijinyooshe."

Kijana mmoja anayekata tiketi kule Posta alimuunga mkono kwa hesabu. Alisema tofauti ya bei kati ya viti vile viwili ni dola 900. Gawanya kwa 30,000, kila pointi inazaa senti 3 za dola. Hakuna njia nyingine, alisema, itakayozaa hivyo.

Katika juma lile lile, madaktari walikuwa wameshauri mama mkwe wangu apelekwe Mumbai, India, kufanyiwa upasuaji. Watoto wake walichanga. Mchango ulitosha hospitali, chumba na tiketi ya mgonjwa. Haukutosha tiketi ya mtu wa kumsindikiza, na mama wa miaka 71 asiyejua Kiingereza wala Kihindi hawezi kutumwa peke yake kama kifurushi. Tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa dola 560. Kwa pointi ilikuwa 35,000, pamoja na dola 130 za kodi na ada.

Nikakaa na daftari langu. Toa 130 katika 560, zinabaki 430. Hizo ndizo pointi zilizokuwa zikituokolea. Gawanya kwa 35,000, kila pointi inazaa senti 1 na kidogo tu. Kwa hesabu ya kijana wa Posta, India ilikuwa hasara.

Lakini hesabu yake ilikuwa na tundu, nami nikamwonyesha mume wangu.

"Baba watoto, kama pointi hizi zisingekuwapo, ungetoa dola 900 mfukoni ili ulale kwenye ndege?"

Akacheka. "Thubutu! Si bora niongeze mabalo?"

"Na kama zisingekuwapo, mama angehitaji msindikizaji?"

Hapo hakucheka tena.

Akina mama wenzangu, hapo ndipo penye siri yote. Thamani ya pointi usiipime kwa bei iliyobandikwa kwenye kitu ambacho usingekinunua kamwe. Ipime kwa pesa ambayo kweli ingetoka katika mkoba wako. Dola 900 za kitanda cha angani hazikuwa pesa zetu, maana tusingezitoa. Dola 430 zilikuwa pesa zetu halisi, zaidi ya shilingi milioni moja kwa bei ya dola ya wakati ule, na zingetoka kwenye ada za Januari za watoto.

Nilihesabu pia orodha ya zawadi za shirika lile. Kwa pointi karibu zote tungepata blenda ya dola 100 hivi, yaani kila pointi isingefikia hata theluthi ya senti moja. Vitu vya madukani mara nyingi ndiyo njia mbovu kuliko zote za kuzitumia pointi. Ukiona picha ya pasi na sufuria, pita.

Nani aende?

Nilidhani ataitwa wifi yangu mkubwa. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Aende huyu, ndiye anayejua dawa zangu saa zake." Kwa hiyo mimi, niliyelinda duka ili mwingine apande ndege, nilipanda ndege kwa mara ya kwanza kwa pointi zile zile. Mume wangu alibaki dukani, na daftari akaandika yeye.

Katika safari ile nilijifunza mambo ambayo ningependa uyajue kabla hujayahitaji. La kwanza, viti vya pointi ni vichache katika kila ndege. Tulikuta siku za mwisho wa juma zimejaa, Jumatano ipo. Desemba huwa vigumu sana, na wanaokwenda Guangzhou wajue kwamba majira ya maonyesho ya Canton, Aprili na Oktoba, watu hugombania viti. La pili, mwenye pointi anaweza kumkatia mtu mwingine, lakini mashirika mengine hutaka jina la mtu huyo liandikishwe kwanza, tena mengine huruhusu jamaa tu. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

La tatu lilinishangaza. Daktari alimzuia mama siku tisa zaidi ya tulivyopanga. Tiketi yangu ya pointi ilibadilishwa kwa dola 25. Ya mama, iliyokatwa kwa bei ya punguzo, ilidai dola 120. Si mashirika yote yako hivyo, lakini kwa safari ya matibabu, ambapo tarehe ya kurudi anaijua daktari, uliza masharti ya kubadilisha siku kabla hujalipa chochote. Wepesi huo nao ni pesa.

Mama mkwe wangu alirudi akitembea mwenyewe. Sasa huja dukani Jumamosi, hukaa kwenye kiti cha plastiki na kuwaambia wateja bei ambazo si zetu.

Kadi za wifi yangu

Wifi yangu mdogo anaishi Marekani. Kule watu wengi hulipia chakula, petroli na umeme kwa kadi ya mkopo, na kila dola 1 huzaa angalau pointi 1. Kadi nyingine huruhusu pointi zihamishiwe kwa shirika kama United, ambalo limo katika muungano mmoja na Ethiopian, na hivyo aliye Marekani anaweza kumkatia tiketi mama yake aliye Dar es Salaam. Ni njia nzuri kwa wenye ndugu ughaibuni. Lakini aangalie kwanza kama kiti kipo, ndipo ahamishe pointi, maana zikihama kwa kawaida hazirudi.

Hata hivyo, wifi yangu hunikumbusha jambo moja kila akipiga simu. Pointi 1 kwa dola 1, ikizaa senti 1, ni faida ya asilimia 1. Asiyelipa deni lote la kadi mwisho wa mwezi hutozwa riba, na tangu mwaka 2023 wastani wa riba hizo kule umepita asilimia 20 kwa mwaka. Yeyote anayelipa 20 ili apate 1 anachota maji kwa tenga. Nasi hapa, ambao wengi wetu tuna kadi za kutoa pesa zetu wenyewe na pochi za simu, tusidanganyike kununua kisichohitajika kwa sababu kinaleta pointi. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa hiyo, mama, fanya hivi wiki hii. Muulize mzee wa nyumba namba yake ya uanachama, nawe ujiandikishe yako. Andika pointi ngapi zipo na zipi zinakufa lini. Tunza vipande vya tiketi vya kupandia ndege mpaka maili zionekane kwenye akaunti, kwani zisipoonekana ndivyo vitakavyotumika kuzidai, na muda wa kudai huwa mfupi. Neno la siri la akaunti msimpe mtu wa nje, hata awe mwema kiasi gani.

Tena mkae wawili mkubaliane pointi hizo ni za nani. Akaunti ina jina la mmoja, lakini tiketi zililipwa na duka, na duka lilifunguliwa kila asubuhi na yule ambaye hakusafiri. Mume wangu sasa anasema hivyo mwenyewe mbele za watu. Mwaka huu tumeshafikisha 19,000, na kwenye ukurasa wa daftari ameandika kwa mkono wake, juu kabisa, "Za nyumba."