Jeraniumu za madamu wa chini

Mimi nakaa Liège, huku Ubelgiji. Dada mmoja wa Ibanda ameniuliza kitu kupitia wenye gazeti letu: kama huko kwenu majani yanaanguka na miti inabaki mifupa mitupu karibu nusu ya mwaka, hayo maua tunayoyaona dirishani katika picha zako yanatoka wapi? Yeye anadhani ni ya plastiki. Nilicheka, maana wako wengi huku wanaonunua ya plastiki kweli. Yangu si ya plastiki. Kazi hii nimeifanya majira matatu ya baridi sasa, basi acha nimjibu vizuri.

Nilianza kwa sababu ya jirani. Sisi tunakaa ghorofa ya pili, na chini yetu alikaa madamu mmoja mzee, mjane wa miaka 84. Kila mwaka, tangu mwezi wa 5 mpaka wa 10, madirisha yake matatu yalijaa jeraniumu nyekundu iliyokolea, rangi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Mwaka ule, mwezi wa 10, alianguka kwenye ngazi akavunjika nyonga. Kabla hawajampeleka mahali pa kujifunza kutembea tena, alimtuma binti yake apande kwetu na ufunguo. Vyungu vilikuwa 11. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: maua hayo yalikuwa ya mama yake, naye alipoolewa alikata vijiti akaja navyo, na tangu hapo huvikata na kuvipanda upya kila mwaka. Aina hiyo hajaikuta tena sokoni. Yakifa, yamekwisha. Binti alisema wazi kwamba yeye hana nafasi, wala hana mkono wa maua.

Baba watoto aliniangalia tu. Tuna vyumba vitatu na watoto wanne. Lakini mama yangu, pale Kadutu, aliwahi kuachiwa mbegu za maharage na jirani aliyehama, akazipanda misimu miwili ili zisipotee, na yule mama aliporudi alipewa kikapu kizima. Mtu akikukabidhi mbegu yake, unaanzia wapi kukataa? Nilivipandisha vyungu vyote siku ile ile.

Sisi tuliozaliwa Bukavu tukisikia baridi ya Ulaya, tunafikiri adui wa ua ni baridi. Kwa usiku mmoja ni kweli. Barafu ya kwanza ikianguka, maji yaliyo ndani ya shina yanaganda, na asubuhi mmea unakuta umekuwa mweusi na laini kama mchicha uliopikwa mno. Ndiyo maana vyungu lazima viingie ndani kabla ya usiku huo. Ila vikishaingia, adui anabadilika. Anakuwa giza.

Kwetu, karibu na ikweta, mchana una muda wa saa 12 hivi, iwe mwezi wa 1 au wa 7. Hapa Liège, mwezi wa 6, mchana unapita saa 16. Mwezi wa 12 unabaki saa 8, na hizo nazo mara nyingi zimefunikwa na mawingu. Jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na linazama saa kumi na nusu jioni. Watoto wanatoka nyumbani usiku, na wakirudi wanakuta taa za barabarani zimewaka. Sasa fikiri mmea unaokula mwanga. Ukiuweka saloni penye joto la digrii 22, joto linauambia: kua! Lakini chakula hakipo. Unafanya nini? Umewahi kusahau viazi ndani ya gunia, mahali pa giza? Vinatoa machipukizi marefu, meupe, dhaifu, yanayotafuta mahali pa kutokea. Jeraniumu katika saloni yenye joto inafanya hivyo hivyo, na kufikia mwezi wa 2 imejimaliza.

Mzee anayeuza maua kule La Batte, soko la Jumapili kando ya mto Meuse, ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia nisiyaonee huruma kwa kuyapa joto. Kama huna mwanga wa kuyapa, yanyime na joto, yalale. Jeraniumu asili yake ni Afrika ya Kusini, inajua ukame, na shina lake nene linaweka maji. Ukiikata ibaki shina la kama sentimita 15, ukatoa kila jani la njano, ukaiweka mahali pa digrii 5 mpaka 10 penye mwanga kidogo, na ukainywesha kikombe kimoja tu kila wiki mbili au tatu, inalala mpaka mwezi wa 3.

Mahali pa namna hiyo palikuwa pamoja tu: dirisha la ngazi, ambalo halina chuma cha kupashia joto. Nilivipanga vyungu pale vizuri, nikiacha njia. Mwezi wa 1 tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni: vitu vyote viondolewe kwenye ngazi ndani ya siku tatu. Nje ilikuwa digrii sita chini ya sufuri. Niligonga milango yote ya jengo. Mmoja hakufungua, mwingine alisema maua yanaleta wadudu. Aliyenisaidia ni mzee Mwitaliano wa ghorofa ya juu, mtoto wa mchimba makaa. Mwaka 1946 Ubelgiji na Italia zilipatana wafanyakazi waje katika migodi ya makaa ya mawe, na baba yake alikuja kwa mpango huo. Nyuma ya jiko lake ana kibaraza cha vioo kisichopashwa joto, alichokuwa anawekea baiskeli. Baiskeli ikaingia chumbani kwake kulala naye. Mpaka leo mke wake ananitania kwamba nilimletea mke mwenza wa magurudumu mawili.

Hata hivyo vyungu vitatu vilikufa. Ukungu wa kijivu, ule unaopenda unyevu na hewa isiyotembea, uliingia kwenye mashina yaliyokatwa na kushuka mpaka mizizini. Tangu hapo dawa yangu ni kufungua dirisha dakika chache mchana siku isiyo na barafu, na kutoacha jani hata moja lililokufa juu ya udongo. Wakabaki wanane. Mwisho wa mwezi wa 2 waliamka, nikakata vijiti vya sentimita 10, nikaviacha nusu siku kidonda kikauke, nikavichomeka kwenye udongo wenye mchanga mwingi bila kuvifunika. Vijiti 14 vilishika. Sikumwambia madamu hesabu ya waliokufa. Nilimwambia hesabu ya waliopo, nayo ilikuwa kubwa kuliko aliyoniachia.

Naye hakurudi kwenye nyumba yake. Mguu ulikataa ngazi, wakamhamishia katika nyumba ya wazee, ng'ambo ya mto. Watu wa huku hawatoi jeraniumu nje mpaka wapite watakatifu wa barafu, yaani tarehe 11, 12 na 13 za mwezi wa 5, siku ambazo wanasema baridi inaweza kurudi kuiba. Nilingoja zipite, nikampelekea chungu kimoja kilichojaa maua. Akalia, nami nikalia. Baada ya wiki tatu nikakuta ua limebaki majani tu. Chumba chake kina dirisha moja, na linatazama kaskazini. Jua haliingii pale.

Binti yangu ana simu yenye programu ya kupima mwanga, tukaenda nayo. Jicho la mtu linadanganya, wamama. Linajizoesha, likaona chumba kina mwanga wa kutosha. Nyumbani kwetu, siku ya mawingu ya mwezi wa 12, nje simu ilisoma luksi 5,000, ndani juu ya ubao wa dirisha 1,100, na juu ya meza ya kulia, hatua tatu tu kutoka pale, 90. Kwa macho yangu meza ile na dirisha lile ni sawasawa. Kwa ua, ni sahani iliyojaa na sahani iliyorambwa.

Basi nikaamua hivi: ua halitaishi kwa madamu, litamtembelea. Kila baada ya wiki mbili napeleka chungu chenye maua na kurudisha kilichochoka, ambacho nakirudishia jua mpaka kipone. Wiki mbili jeraniumu inavumilia bila shida. Dada wa Ibanda, hili hata wewe unaweza kulifanya bila baridi yoyote. Saloni zetu za Bukavu, na mapazia yale mazito, ni giza kuliko tunavyofikiri. Ua likidhoofika pembeni ya televisheni usiliongezee maji, maji hayageuki kuwa mwanga. Panda vyungu vitatu, hata ndani ya makopo ya mafuta au bidoni lililokatwa, viwili vikae kwenye baraza na kimoja saloni, na kila Jumamosi vibadilishane zamu.

Wakati wa jua ilikuwa rahisi. Shida ilirudi na mwezi wa 11, maana madamu aliuliza, kwa sauti ndogo, kama nyekundu yake itakuja na mwezi wa 1. Jeraniumu zilizolala haziwezi. Ikabidi nifanye kitu nilichokuwa nimekiepuka: kuwasha taa.

Kuna maua yanayohesabu urefu wa usiku. Lile la Noeli lenye majani mekundu juu, kwa mfano, linataka usiku mrefu wa saa 14 hivi kwa wiki nyingi. Ukiliwashia taa jioni linabaki kijani. Jeraniumu haina hesabu hiyo. Yenyewe inajumlisha mwanga iliokula siku nzima, na ikishiba inachanua. Nilitaka taa ya LED ya wati 30, ya kawaida, nyeupe, itundikwe sentimita 30 juu ya mimea na kuwaka muda wa saa 14 kwa siku. Baba watoto hakusahau bei za umeme za mwaka 2022, na alikataa kabisa. Nikamwomba apige hesabu yeye mwenyewe, kwa kuwa hesabu yangu angeikataa pia. Ilitoka karibu uniti 13 kwa mwezi, chini ya euro 5 kwa bei tunayolipa sisi. Alinyamaza kidogo, akaenda kutafuta mbao za rafu.

Chini ya taa ile nilipanga jeraniumu nne kwenye chumba cha wavulana, ambacho ndicho chenye baridi kidogo, digrii 16 au 17. Pembeni nikaongeza maua mawili ambayo hayalali kabisa. La kwanza ni violeti ya Afrika. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta katika milima ya Usambara, Tanganyika, na leo linakaa madirishani mwa mabibi wa Ulaya nzima. Linanywa kutoka chini, kwenye kisahani; ukimwagia majani maji ya baridi yanatoka madoa. La pili niliponunua nilisimama nikacheka peke yangu sokoni. Ni impatiensi ya misitu ya kwetu, ina maua mekundu na njano yaliyopinda kama mdomo wa ndege, na Waingereza wanaliita kasuku wa Kongo. Nililipa euro 9. Mama yangu alipopata habari kwenye simu alinyamaza, akauliza, "Kwa hiyo umeenda Ulaya kununua majani ya msituni?" Kila tukiongea ananiuliza kasuku wake hajambo, na kama bado anakula umeme.

Kasuku anachanua karibu mwaka mzima. Jeraniumu ni wavivu zaidi: mwezi wa 1 zinatoa vichwa vidogo, viwili au vitatu kwa chungu, si kama vile vya mwezi wa 7. Nazisukuma kwa kutoa kila kichwa kilichonyauka, ili mmea usipoteze nguvu katika mbegu, na kwa mbolea ya maji ya maua, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kabla ya kunywesha naingiza kidole kwenye udongo; kikitoka na tope, naondoka.

Kupeleka chungu ng'ambo ya mto kwenye baridi ni kazi nyingine. Nakifunga kwa magazeti tabaka mbili, juu kwa mfuko, na ndani ya kikapu naweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Kwenye basi watu wanadhani nimebeba chakula.

Madamu sasa ana miaka 86. Mikono inatetemeka, lakini kila chungu ninachokuta kwake kimesafishwa: hakuna jani la njano, na maua yaliyonyauka yamewekwa kwenye kisahani, yamepangwa mstari. Jumapili iliyopita alichoma kidole kwenye udongo wa kile nilichomletea, akakitazama, akanionyesha. Unyevu mno, alisema. Mama yake asingeniachia hata kimoja.