Kitufe Kimebonyezwa, Nani Amesikia?

Ukiniuliza kazi ya kutengeneza kurasa za wavuti ni nini hasa, nitakujibu kwa neno moja: kungoja. Ukurasa ukishafunguka kwenye simu yako hauna la kufanya. Unakaa tu, kama mwenye duka asubuhi kabla wateja hawajaamka. Mtu akigusa kitufe, akiandika herufi moja au akisogeza ukurasa kwa kidole, hapo ndipo mambo yanaanza. Kila kitendo cha namna hiyo huitwa tukio, na kile kipande cha msimbo kinachokaa kikilingoja mimi hukiita msikilizaji.

(Najua kuna majina marefu zaidi. Shuleni tulifunzwa kwamba kompyuta ni tarakilishi na simu ya mkononi ni rukono, na mpaka leo sijamsikia mtu hapa Endarasha akilalamika kwamba rukono yake imeisha chaji. Basi mniruhusu nitumie neno linaloeleweka.)

Nawaandikia juu ya wasikilizaji hawa kwa sababu Machi 2025 mmoja wao alimfanya shangazi yangu alipe mbegu za viazi mara mbili. Nitafika huko. Kwanza tujue mnyama mwenyewe.

JavaScript, lugha inayotumika kuwaandika wasikilizaji hawa, ilitengenezwa na Brendan Eich pale Netscape mnamo Mei 1995, na toleo la kwanza lilimchukua siku 10. Ndiyo, siku 10. Mahindi hayajaota vizuri! Tangu mwanzo ilikuwa na njia rahisi ya kusikiliza: unaandika neno onclick ndani ya kitufe, kisha maagizo yako. Njia hiyo bado inafanya kazi, ila kila kitufe kinapewa msikilizaji mmoja tu wa namna hiyo. Ukiweka wa pili, wa kwanza anafukuzwa bila hata kuambiwa.

Halafu vikaja vita vya vivinjari, na hapa ndipo stori inaponoga. Fikiria kitufe kilicho ndani ya fomu, fomu iko ndani ya sehemu ya ukurasa, na sehemu iko ndani ya ukurasa mzima. Ukigusa kitufe, umegusa pia fomu, na sehemu, na ukurasa. Sasa nani aambiwe kwanza? Netscape 4 ilisema habari ianzie juu ishuke. Internet Explorer ya Microsoft ikasema hapana, ianzie chini ipande. Wote wawili walikuwa sokoni mwaka 1997, na mtengenezaji wa kurasa alilazimika kuandika kazi ileile mara mbili.

Mtu wa huku kwetu haoni ajabu. Ng'ombe akiingia shamba la jirani, unaanza kwa mzee wa kijiji, kisha naibu wa chifu, kisha chifu. Hiyo ndiyo Microsoft. Lakini agizo la serikali huanzia juu, likashuka kwa chifu, kwa naibu wake, mpaka likufikie mlangoni. Hiyo ndiyo Netscape. Novemba 2000 shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliamua kesi hiyo kwa namna ambayo wazee wetu wangeikubali: zote mbili. Tukio linashuka kutoka juu mpaka kwenye kitufe, kisha linapanda tena. Msikilizaji anachagua amkamate likishuka au likipanda, na wengi wetu huchagua likipanda. Na yeyote njiani ana uwezo wa kusema "imeishia hapa", kama naibu wa chifu aliyewapatanisha majirani na hataki kesi ifike kwa mkubwa wake.

Uamuzi huo ndio uliotuletea addEventListener, ambayo inaruhusu kitufe kimoja kuwa na wasikilizaji wengi bila kufukuzana. Microsoft walichukua muda wao. Internet Explorer haikuikubali mpaka toleo la 9, mwaka 2011, na katikati ya miaka hiyo watu waliokolewa na jQuery ya John Resig, iliyotoka 2006 na kuficha ugomvi wote nyuma ya pazia. Mimi nilianza kuandika msimbo vita vikiwa vimekwisha. Nawashukuru waliopigana.

Jambo la pili la kujua ni kwamba ukurasa una karani mmoja tu. Ukipita barabarani asubuhi utaona watu na mitungi yao wakingoja maziwa yapimwe. Karani anapima mtungi mmoja, anaandika kitabuni, anaita mwingine. Akisimama kuongea na simu kwa dakika tano, hakuna anayepimiwa, lakini foleni haivunjiki. JavaScript ya ukurasa iko hivyohivyo. Msikilizaji akipewa kazi nzito, ukurasa mzima unaganda. Na ukiendelea kugonga kitufe kwa hasira, mapigo yako hayapotei. Yanapanga foleni, na karani akirudi anayahudumia yote, moja baada ya jingine.

Kwa hiyo kazi ndefu, kama kutuma ombi kwa seva, haifanywi huku karani akingoja. Anatuma barua, anarudi kwenye mizani, na jibu likija linaingia kwenye foleni kama tukio jingine. Ni mpango mzuri sana, ila una masharti: lazima mtu aandike msikilizaji wa lile jibu. Na pia, tafadhali, mtu amwambie mteja kwamba barua imeshatumwa.

Sasa tuje kwa shangazi, au tata kama tunavyomwita nyumbani.

Alitaka magunia manne ya mbegu ya Shangi kabla mvua za masika hazijakolea. Muuzaji mmoja (simtaji) ana ukurasa mzuri tu, wenye picha za viazi vilivyooshwa mpaka vinang'aa. Unachagua idadi, unaweka nambari ya simu, unagusa kitufe cha kijani kilichoandikwa LIPA. Seva ya muuzaji inaomba M-Pesa, na kwenye simu yako linatokea lile dirisha la kuweka PIN. Safaricom iliwafungulia watengenezaji programu mlango huo kupitia Daraja mwaka 2017, na siku hizi hata duka dogo linautumia.

Tata aligusa LIPA. Ukurasa haukubadilika. Baada ya muda dirisha likaja, akaweka PIN. Mtandao siku hiyo ulikuwa ule wa huku kwetu mawingu yakishuka kutoka Nyandarua, na ujumbe wa M-Pesa ukachelewa. Akarudi kwenye ukurasa, akakuta kitufe bado kijani na bado kimeandikwa LIPA. Akalipa. Dirisha likaja tena, PIN tena. Kisha meseji mbili zikaingia zikifuatana, kila moja shilingi 12,800.

M-Pesa haikukosea chochote. Iliombwa mara mbili, ikauliza mara mbili, ikajibiwa mara mbili. Tata pia hakukosea, na hapa nitasimama kidogo, maana alipopiga simu kwa muuzaji aliambiwa, "Mama, ulibonyeza mara mbili." Ilinikera sana. Ukurasa ulimwambia alipe, akalipa. Ukamwambia tena. Mwenye duka akikudai pesa ukampa, akakudai tena bila kukumbuka, huwezi kusema mteja ana haraka.

Zile 12,800 za pili zilikuwa za mbolea na za kuwalipa vibarua. Zilirudishwa baada ya siku 16. Katikati ya siku hizo mvua haikumngoja mtu, kwa hiyo alikopa kwenye chama, na chama kina riba hata kwa wanachama wanaopendwa.

Aliponiuliza, "Wewe kijana uliyesomea mambo ya kompyuta, hii kitu inafanyaje?" nilifungua ukurasa kwenye laptopu na kuusoma msimbo wake. Hiyo ni haki ya kila mtu: kivinjari kinakuonyesha kila ulicholetewa, ukijua pa kuangalia. Msikilizaji wa kile kitufe alikuwa na mistari 11. Anachukua nambari ya simu, anachukua idadi, anatuma kwa seva. Mwisho. Hakuna msikilizaji wa jibu. Hakuna neno kwa mteja.

Na hata angekuwepo, kuna jambo ambalo wanaoanza kazi hii hawalioni haraka. Tukio kubwa kuliko yote katika biashara hiyo, yaani mtu kuweka PIN, halitokei kwenye ukurasa. Linatokea kwenye dirisha ambalo kivinjari hakilioni wala hakiwezi kulisikiliza. Habari zake zinatoka kwa M-Pesa kwenda kwa seva ya muuzaji, si kwa ukurasa. Mteja akikataa, seva inaletewa nambari 1032. Akilipa, inaletewa 0. Ukurasa hautajua lolote mpaka uiulize seva, kila baada ya sekunde chache: "Je, imelipwa?"

Niliwaandikia wenye ukurasa. Sikuandika kwa hasira (niliifuta barua ya kwanza). Niliwapa mambo matatu. Kwanza, kitufe kikiguswa tu kizimwe, na maandishi yageuke kuwa "Angalia simu yako, weka PIN". Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993 kwamba jibu likija ndani ya sehemu 1 ya 10 ya sekunde, mtu huona kama kitu kimetii mkono wake. Kubadilisha maandishi ya kitufe hakungoji mtandao, kwa hiyo hakuna kisingizio, hata Endarasha. Pili, wasisikilize mguso wa kitufe bali kutumwa kwa fomu, maana kuna wanaomaliza kuandika nambari na kubonyeza kitufe cha kutuma kwenye kibodi ya simu, na wasimamishe ile tabia ya kivinjari ya kupakia ukurasa upya, kwa preventDefault. Tatu, na hili ndilo kubwa: kila oda ipewe nambari yake mara ukurasa unapofunguka, na ibaki nayo hata ukifunguliwa upya, mpaka ilipwe. Seva ikiletewa nambari ileile mara ya pili, isiombe pesa tena.

Hilo la tatu ni muhimu kwa sababu kitufe kilichozimwa kinafufuka ukurasa ukipakiwa upya. Na mtandao ukisuasua, kitu cha kwanza ambacho kila Mkenya hufanya ni kupakia upya. Msikilizaji aliye kwenye simu ya mteja anaweza kumpa mteja adabu nzuri, lakini hawezi kulinda pesa. Pesa hulindwa na seva.

Kama una ukurasa wako unaopokea malipo, ujaribu leo. Kwenye Chrome ya kompyuta bonyeza F12, nenda sehemu ya mtandao, uchague kasi ndogo kabisa, halafu ununue kitu ukiwa umejifanya huna subira. Mimi nimefanya hivyo kwa kurasa kadhaa za watu ninaowafahamu, na simu nilizopiga baadaye hazikuwa fupi.

Wenye mbegu walijibu baada ya wiki moja, wakashukuru. Kitufe sasa kinazimika na maandishi yanabadilika. Nimejaribu mwenyewe kwa shilingi zangu. Fomu nayo inasikilizwa vizuri. Nambari ya oda bado hawajaiweka. Niliwaandikia tena juzi, na nimemwambia tata kwamba kabla ya mvua za vuli, kama hawajarekebisha, atume mtu kwa bodaboda na noti mkononi.