Robo ya Foi

Mwaka 2003 nilimsindikiza baba kutoka Mombasa hadi Mandvi, kule Kutch, Gujarat, India, bandari ambako babu zetu walipanda majahazi kuja pwani hii. Nyumba ya ukoo ilikuwa na nyufa tangu tetemeko la Januari 26, 2001, na baba alitaka kuikarabati. Lakini kwanza karatasi zinyooke. Basi Foi, ndivyo tumwitavyo shangazi, akaitwa kutoka kwa mumewe, Bhuj.

Alikuja na boksi la ladu. Akatia sahihi mbele ya msajili kumwachia baba fungu lake, akacheka, akanilisha ladu kwa mkono wake. Kwa Kigujarati kuachia fungu hivyo huitwa hak kami. Hak ni hii hii haki yetu; kami ni kupungua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaona mapenzi matupu.

Sheria ya Urithi ya Wahindu ya 1956 iliacha mali ya ukoo iwe ya mtoto wa kiume tangu azaliwe. Binti alingoja baba afe. Babu alipofariki, bibi akiwa ametangulia, ilihesabiwa kana kwamba yeye na baba walishagawana nusu kwa nusu. Nusu ya marehemu ndiyo waliyogawiwa ndugu wawili. Baba robo tatu, Foi robo. Na hata robo hiyo asingeweza kudai ikatwe, maana nyumba ya kuishi haikugawanywa mpaka wanaume watake. Kulala humo kwa haki yake je? Labda awe hajaolewa, au kaachwa, au kafiwa na mume. Ndoa yake njema ndiyo iliyomfungia mlango.

"Foi, mbona hukuchukua chako?" nilimuuliza usiku ule.

"Mwanangu, binti yangu ataolewa baada ya Diwali. Nani ataleta mosalu?"

Mosalu ni zawadi za mjomba kwa mpwa anayeolewa: sari, dhahabu, na watu wote wanatazama. Baba alizipeleka kweli, tena kwa mbwembwe. Thamani yake haikufika hata ya ukumbi wa mbele.

Majirani zetu wa Maharashtra walishampa binti hisa ya kuzaliwa tangu 1994. Gujarat tulisubiri Delhi. Septemba 9, 2005 binti akawa sawa na kaka yake, na kile kifungu cha nyumba kikafutwa. Ila mali iliyokwisha kutolewa kabla ya Desemba 20, 2004 haikuguswa. Mwaka 2020, katika kesi ya Vineeta Sharma, Mahakama ya Juu ikasema si lazima baba wa binti awe alikuwa hai siku ile ya 2005. Foi angechelewa kutia sahihi miaka miwili tu, robo ingekuwa nusu.

Alinipigia simu. "Basi na mimi?" Nikatafuta maneno. Kabla sijayapata, akaanza kunieleza habari za goti lake.

Baba na mama hawapo sasa. Nyumba ni nusu yangu, nusu ya kaka, na ndani ya nusu yangu imo thumni iliyotoka kwa Foi.

Mwezi uliopita kaka aliniletea karatasi ya Kigujarati. "Ni utaratibu tu, dada." Juu yake boksi la ladu.

Ladu niliwagawia watoto wa jirani. Karatasi iko kabatini, haina sahihi. Wala Foi sijamwandikia kuhusu ile thumni.