Namba 1871

Watu wanaozuru Ujiji, kilomita chache kusini ya Kigoma, huonyeshwa jiwe la kumbukumbu mahali uliposimama mwembe ambao chini yake Stanley alimkuta Dkt. Livingstone. Jiwe lataja 10 Novemba 1871. Juu ya siku yenyewe wenye elimu wabishana, kwani Livingstone alikuwa amepotewa na hesabu ya siku. Juu ya mwaka hapana ubishi. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha hesabu, nikifika pale huitazama namba ile kabla ya majina.

Itwaeni 1870 kwanza. Yagawanyika kwa 2, kwa 5, kwa 11, na kwa 17. Ongezeni moja tu, zote nne zakataa, kila moja yabakiza 1. Jaribuni 3, yabakiza 2. 7 yabakiza 2. Endeleeni hivyo hata 43, nayo yabakiza 22. Hapo twaweza kuweka kalamu chini. Kwa nini? Kwa sababu 43 mara 43 ni 1849, na namba tasa ifuatayo, 47, mara 47 ni 2209, imepita. Kama namba kubwa zaidi ingeigawanya 1871, mwenzake angekuwa mdogo, nasi tungalikwisha kumkuta njiani. Basi 1871 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jina hilo la tasa silipendi sana, maana namba hizi ndizo zizaazo nyingine zote kwa kuzidishwa.

Wala haiko peke yake. 1873, 1877 na 1879 ni tasa pia, na katikati yao imekaa 1875, ambayo ni 3 mara 5 mara 5 mara 5 mara 5. Sasa angalieni: mwaka 1873 Livingstone alifariki; 1877 Stanley, aliyekuwa amekwisha lizunguka ziwa letu, alifika Boma kwa kuufuata mto Kongo; 1879 Mapadre Weupe walifika Ujiji.

Mwanafunzi mmoja aliniambia, “Mwalimu, hii ni ishara.” Nilimwuliza Waislamu wa Ujiji walikuwa katika mwaka gani siku ile Stanley alipoingia mjini. Kwa hesabu ya Hijra ulikuwa 1288, nayo ni 2 mara 2 mara 2 mara 7 mara 23. Siku ni ile ile, mwembe ni ule ule, lakini utasa umetoweka! Tena Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na reli ikafika Kigoma mwaka 1914. 1858 ni 2 mara 929, na 1914 yagawanyika kwa 2, 3, 11 na 29. Akacheka, akaomba chaki.

Namba nne tasa zilizokaribiana namna hii hazitapatikana tena hata 2081, 2083, 2087 na 2089. Huenda baadhi yenu mtaiona miaka hiyo, mkiwa wazee. Lakini kuzijaribu hakungoji: anzeni na 2081, nanyi mtaishia 43 vile vile.