Pwani ya Kusini: Penye Shangwe au Penye Kimya?

Kila ifikapo Desemba, shule zinapofungwa, watu wengi wa bara huanza kufikiri habari ya kwenda pwani. Wako waliojiwekea akiba mwaka mzima kwa ajili ya siku nne au tano tu za kuona bahari. Mtu wa namna hii hana nafasi ya kukosea. Akichagua mahali pasipomfaa, fedha zake zimekwisha, likizo yake imekwisha, na hapana budi aanze kuweka akiba upya. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza bei ya chumba, yafaa mtu ajiulize kwanza jambo jingine: je, anataka penye shangwe, au anataka penye kimya?

Swali hili lina maana sana katika pwani ya kusini ya Kenya, yaani pwani ya Kwale, kwa sababu mambo yote mawili yako huko, tena yamekaribiana. Toka Ukunda hata Msambweni ni kama kilometa 25 tu, lakini maisha ya Diani na maisha ya Msambweni hayafanani.

Njia ya kufika

Mtu atokaye Nairobi aweza kupanda gari la moshi la reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, akashuka Miritini baada ya saa tano au sita. Zamani wengi waliokwenda kusini walivuka kwa feri ya Likoni, na hata leo maelfu ya watu huvuka hapo kila siku kwenda kazini mjini na kurudi. Wako wanaoogopa kivuko, wala hawalaumiwi, kwa kuwa haijasahauliwa feri iliyozama Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, ambapo watu zaidi ya 200 walikufa maji. Sasa iko barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka kwa upande wa bara na kutokea kusini ya Likoni, na mwenye gari aweza kufika Kwale pasipo kuvuka kwa feri.

Kutoka Likoni barabara kuu yaenda kusini hata Lunga Lunga, mpakani na Tanzania. Upande wa kulia ni vilima vya Shimba, ambako palahala wa mwisho wa Kenya wangali wakiishi katika hifadhi iliyotengwa mwaka 1968. Upande wa kushoto ni minazi, mikorosho na vijiji vya Wadigo, na nyuma ya minazi ni bahari.

Diani na Ukunda

Mahali pa kwanza penye sifa ni Diani. Mchanga wake ni mweupe na laini kama unga, nao waendelea kwa kilometa kumi na kadhaa, toka kinywa cha Mto Mwachema hata Galu. Mbali kidogo baharini uko mwamba unaozuia mawimbi makubwa, hata maji ya ndani yakawa matulivu, na watoto waweza kuoga wakisimamiwa na wakubwa wao. Hoteli zimepangana pwani, kubwa na ndogo. Nyuma yake iko barabara yenye maduka, benki, mikahawa na nyumba za dansi, na bodaboda na tuktuk hupita mchana na usiku.

Mtu apendaye watu atafurahi Diani. Asubuhi aweza kupanda ngalawa kwenda mwambani, mchana akapanda ngamia mchangani, usiku akasikiliza muziki hata alfajiri. Akiugua, daktari yu karibu. Akiishiwa na fedha, benki iko karibu. Vijana, na watu waliooana karibuni, na wale ambao kazi yao ya mwaka mzima ni ya upweke, hao ndio wanaofaidi Diani zaidi.

Lakini penye watu wengi pana usumbufu wake. Mgeni hatembei hatua ishirini ufukweni asikutane na kijana mwenye shanga, au vinyago, au safari ya mashua ya kuuza. Wengine hukasirika. Yafaa wakumbuke kwamba kijana yule naye yuko kazini, na kwamba neno la upole, "Asante, ndugu yangu, leo hapana," likisemwa kwa uso mkunjufu, hufanya kazi kuliko kumgeuzia mgongo. Tena katika juma la Krismasi bei hupanda, vyumba hujaa, na ngoma za jirani humfikia hata yule aliyekuja kulala.

Hata hivyo Diani yenyewe ina pembe zake za utulivu. Katika miti iliyobaki kati ya hoteli wamo mbega, nao wamefungiwa ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke bila kukanyagwa na magari. Kazi hiyo hufanywa na shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997. Upande wa kusini uko msitu wa Kaya Kinondo, ambao ni mtakatifu kwa Wadigo. Msitu huu ni mmojawapo wa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mgeni hupokewa, lakini huvikwa kaniki nyeusi, huongozwa na mwenyeji, wala haruhusiwi kuchukua hata jani. Humo mtu husema kwa sauti ya chini pasipo kuambiwa mara mbili.

Tiwi

Ng'ambo ya Mto Mwachema, upande wa kaskazini, iko Tiwi. Karibu na kinywa cha mto umesimama Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita, katikati ya mibuyu mikubwa, nao ungali ukisaliwa. Tiwi ina nyumba za kupanga kuliko hoteli. Watu huja na vyakula vyao, hununua samaki kwa wavuvi, hupika wenyewe. Maji yakipwa, mwambani huonekana visima vya maji safi ambamo watu huoga kama bwawani. Jamaa wengi wanaosafiri pamoja huona Tiwi yawafaa, kwa sababu hawataki makelele ya Diani, wala hawataki kuwa mbali mno na maduka.

Gazi na Msambweni

Anayeendelea kusini baada ya Ukunda huona mara moja kwamba mambo yamebadilika. Magari yapungua, na mabango ya hoteli yakoma. Kwanza hufika Gazi, kijiji kilichokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 hata akakimbilia nchi iliyotawaliwa na Wadachi. Nyumba yake ikageuzwa kuwa shule. Siku hizi Gazi yajulikana zaidi kwa mikoko. Akina mama wa kijiji wametengeneza njia ya mbao ndani ya mikoko, nao huwatembeza wageni na kuwapikia. Tangu mwaka 2013, kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakilipwa na watu wa nchi za mbali kwa kuitunza miti hiyo, kwa kuwa husafisha hewa, na fedha zimesaidia maji na shule.

Kisha ni Msambweni. Hapa pana hospitali kubwa, soko, misikiti, na bandari ndogo ya wavuvi. Ufuo ni mpana, na penginepo umeinukiwa na kuta fupi za mawe ya matumbawe. Mtu aweza kutembea saa nzima asikutane na mtu ila mvuvi aliyebeba pweza na watoto wanaookota kaure. Hoteli ni chache, na nyingi ya nyumba za pwani ni za watu binafsi. Jua likizama, sauti zinazobaki ni za bahari, za upepo katika minazi, na ya adhana.

Anayetaka kwenda mbele zaidi ataona Kisiwa cha Funzi, kisha Shimoni na mapango yake, na ng'ambo ya mkondo Kisiwa cha Wasini, ambacho hakina magari. Kutoka hapo mashua huwapeleka watu katika hifadhi ya bahari ya Kisite kutazama samaki, kasa na pomboo.

Kimya kina gharama yake

Asidhani mtu kwamba penye kimya hapana taabu. Msambweni mgeni aliyesahau kununua vitu vyake Ukunda huenda asivipate. Usiku usafiri ni shida. Vijana huchoka siku ya pili, wakaanza kunung'unika. Tena mgeni hapo hayumo katika mji wa wageni, bali yumo kijijini kwa watu. Yampasa avae nguo za heshima atokapo ufukweni, awaamkie wazee, wala asimpige mtu picha bila idhini.

Liko pia jambo la maji, ambalo huwapotosha wengi. Wakati wa bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi jioni. Mtu aliyeamka mapema ili aogelee hukuta maji yamekwenda zake hata mwambani, akadhani amedanganywa. Wakati wa maji mafu bahari haipwi mno. Na upepo nao una zamu zake: kaskazi, toka Desemba hata Machi, huleta jua na bahari tulivu, kusi, toka Aprili, huja na mvua za masika na mawimbi. Mwenye kutaka kimya na bei ya chini aweza kwenda hata Diani penyewe mwezi wa Mei, mradi akubali kunyeshewa.

Namna mbili za kimya

Hapa pafaa kutofautisha kimya na kimya. Iko ile ya Msambweni, ambayo ni desturi ya mahali. Na iko nyingine iliyoijia Diani kwa msiba. Agosti 1997 zilizuka fujo Likoni na sehemu za Kwale. Watu wa bara walioishi huko waliuawa na kufukuzwa, wageni wakaacha kuja, na hoteli zikafungwa. Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, fuo zikawa tupu tena. Pwani ilikuwa kimya, lakini mpishi, dobi, mwenye mashua na mama muuza mahamri wa Ukunda hawakukipenda kimya kile. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mtu anayeudhika kwa shangwe za Diani na akumbuke kwamba shangwe hizo ndizo karo za watoto wengi.

Vile vile yafaa kukumbuka kwamba zamani za ukoloni Mwafrika hakuwa na uchaguzi huu. Alifika katika hoteli za pwani akiwa mtumishi wa jikoni au mchukuzi wa mizigo. Aliyelala chumbani akasikiliza mawimbi alikuwa Mzungu. Leo, kwa Katiba ya mwaka 2010, ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma. Hakuna hoteli wala nyumba ya tajiri inayomiliki mahali pale bahari inapopanda na kushuka. Lakini haki ya kukanyaga mchanga haina faida kubwa ikiwa vichochoro vya kuufikia vimezibwa kwa kuta, na penginepo katika pwani hii wavuvi wamelalamika juu ya jambo hilo. Mgeni apitaye katika njia ya wenyeji, akanunua samaki kwao, huisaidia njia ile ibaki wazi.

Namna ya kuchagua

Tuseme mtu wa Nakuru ana siku tano, naye amefuatana na mke wake, watoto watatu na mama yake mzee. Watoto wataka ngamia na muziki. Mama mzee ataka kupumzika na kusikia upepo. Akiwapeleka wote Diani siku tano, mama hatalala. Akiwapeleka wote Msambweni, watoto watahesabu saa. Lakini kwa kuwa ni kilometa 25 tu, hana haja ya kumnyima yeyote haki yake. Na aanze na Diani siku mbili, watoto wacheze mpaka wachoke. Kisha anunue vyakula Ukunda, aende Msambweni siku tatu, ili wote warudi nyumbani wamepumzika. Akifanya kinyume chake, atarudi kazini na uchovu wa dansi machoni.

Kijana aliye peke yake na akae Diani. Mwenye kuandika, au kuuguza moyo, au kutoka katika msiba, na aende Msambweni au Wasini. Wenye watoto wadogo wasio na haja ya ngoma, Tiwi yawatosha. Na yeyote aendaye, mahali popote, asiweke akili yake katika bei peke yake, maana chumba cha bei nafuu mahali pasipomfaa mtu ni ghali kuliko chumba cha bei ya kadiri mahali panapomfaa.