Kijana Anapotaka Mashindano ya Magari

Akina mama wenzetu, kijana akianza kuzungumzia mashindano ya magari mezani, wengi wetu humjibu kwa neno moja tu: hapana. Sisi tuliokaa wodini zaidi ya miaka ishirini tulikuwa na sababu za kutosha za kulitamka. Barabara ya lami ya Mwanza kwenda Shinyanga inapita hapa Misungwi. Tumepokea vijana walioshindana humo usiku, bila kofia wala mkanda. Wengi tumewafunga mifupa, na wengine tumewafunika shuka.

Basi mwana wetu, ambaye ni fundi wa gereji, alipoiomba Corolla ya nyumbani, Baba Neema alimjibu kwa upole: "Mwanangu, gari hili ndilo linalobeba mahindi, na ndilo linalompeleka mama yako zamu ya usiku." Kijana akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikotutia hofu, maana kijana aliyekatazwa nyumbani anajua barabara ya lami iko wapi. Tukaamua kwenda kuuona mchezo wenyewe.

Ulikuwa uwanja wa vumbi tu, na klabu ndogo ya watu wa Mwanza wapenda magari. Mchezo wa wanaoanza huitwa autokros. Njia fupi hupangwa kwa koni na matairi ya zamani, na magari huingia moja moja, kila moja likishindana na saa. Ukigusa koni unaongezewa sekunde. Kabla ya yote gari hukaguliwa: breki, usukani, mikanda, betri iliyofungwa barabara, mtungi wa kuzimia moto. Hata chupa ya maji iliyosahaulika chini ya kiti hutolewa, kwa kuwa ikiviringika chini ya breki ni hatari. Dereva huvaa kofia ngumu na nguo za pamba za mikono mirefu. Tulishangaa kuona vijana walewale wasiosikia la mama wakimtii mzee mwenye bendera!

Wengine watasema huu ni mchezo wa matajiri. Kweli, matairi na mafuta havitoki mbinguni, na bima ya kawaida hailipi gari lililoharibika mashindanoni. Mama, ulizia hilo kabla gari la familia halijatoka uani. Lakini Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, magari yalikuwa ya kawaida kama yalivyotoka dukani, na yaligawanywa kwa bei yake. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, naye fundi wa magari, aliishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo iliyokwisha tumika.

Wala si ya wanaume peke yao. Mwaka 1983 Michèle Mouton wa Ufaransa alishika nafasi ya tatu katika Safari. Mwaka 2011 jirani yetu Susan Muwonge akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa wa Uganda. Neema, binti yetu, alipoyasikia hayo aliacha kuosha vyombo.

Mgeni wa mchezo huu si lazima aanzie kwenye usukani. Klabu huhitaji wa kuandika muda, wa kushika bendera, wa kurudisha koni zilizoangushwa. Sisi tulijitolea kwa huduma ya kwanza, na tumekwenda mara mbili na mkoba wetu. Hapo tuliwafundisha vijana wasimvue kofia aliyeumia, wala wasimnyanyue kwa mikono na miguu kama gunia, maana huenda shingo imevunjika. Tena tuliwaondoa watazamaji upande wa nje wa kona, kwa kuwa gari likikosa njia huko ndiko linakotupwa. Watoto wa jirani walinuna, lakini walisogea.

Lililobaki gumu kwetu ni Jumapili. Mashindano mengi huangukia siku hiyo, na kijana wetu huimba besi kwaya. Tumekubaliana ibada ya asubuhi kwanza, na kama ratiba haikubali, basi mazoezi ya Jumamosi yanatosha. Hakufurahi. Hata hivyo ni yeye aliyetamka mwenyewe kwamba barabara kuu usiku hataigusa, na mpaka sasa ameshika neno lake.

Corolla haijatolewa. Kijana na mafundi wenzake wawili wamenunua gari bovu kwa kuchangiana, na hulitengeneza jioni baada ya kazi. Breki za nyuma bado. Kofia wamekwisha pata moja, na Neema ameijaribu mbele ya kioo. Ilimbana masikio.